Kauri Katika Nchi Isiyo na Bahari

Soy ni mji mdogo katika uwanda wa juu wa Uasin Gishu, kando ya barabara itokayo Eldoret kwenda Kitale. Kutoka hapo hadi Mombasa ni mwendo wa kilomita zaidi ya 800. Hapana bahari karibu, wala mito ya huko haizai kauri. Hata hivyo, miongoni mwa Wakalenjini, wenyeji wa nchi hiyo, imo mishipi ya ngozi iliyopambwa kwa kauri za Bahari ya Hindi. Zilifikaje huko?

Wako watu wadhanio kwamba bara ilijitenga na ulimwengu mpaka reli ilipofika Eldoret mwaka 1924. Kauri zakanusha neno hilo.

Kwanza, tujue kwamba sanaa ya kujipamba ni ya kale sana katika nchi yetu. Katika pango la Panga ya Saidi, Kilifi, wataalamu wamefukua ushanga wa kombe la bahari wenye umri upatao miaka 63,000 au zaidi. Bara nako hakukuwa nyuma. Mwaka 1938 Louis na Mary Leakey walifukua pango la Mto Njoro, karibu na Nakuru, walikozikwa watu yapata miaka 3,000 iliyopita. Pamoja na mifupa walikuta shanga nyingi za mawe ya rangi, na nyingine za mbegu. Basi mtu wa bara alitunga alichopewa na nchi yake: mbegu, mfupa, jiwe, na ganda la yai la mbuni.

Kauri ilikuwa kitu kingine, kwa maana ilitoka mbali. Kombe hili ni gumu, halivunjiki upesi, halichakai upesi, wala si rahisi kulighushi. Kwa sababu hiyo lilipendwa na mataifa mengi. Pwani lilikuwa rahisi, lakini thamani yake ilipanda kadiri lilivyosafiri. Katika Buganda lilitumika kama fedha, na hata leo Waganda huziita fedha kwa neno lilelile la kauri, ensimbi. Lilipita mkono kwa mkono, jirani akimpa jirani kwa mbuzi, nafaka au chuma; na katika karne ya 19 misafara ya wafanya biashara wa pwani ilizidi kuleta mapambo bara. Joseph Thomson, aliyevuka uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1883, alibebesha wapagazi wake shanga, nyaya za chuma na nguo, kwani pasipo vitu hivyo hakuna aliyepita.

Wakalenjini hawakuipokea kauri kama watoto wapokeavyo mchezo. Waliipa kazi na maana yao wenyewe. Mgongo wake hukatwa, uzi ukapita, nalo kombe likalala bapa juu ya ngozi, upande wenye ufa ukitazama nje. Mshipi uliopambwa hivyo huitwa leketyo. Kwa desturi mama aliufunga kiunoni baada ya kujifungua, ukawa alama ya uzazi na ya ulinzi wa mama kwa wanawe. Kitu kilichozaliwa baharini kikawa heshima ya nyumba ya mlimani.

Leo shanga za kioo na za plastiki zimechukua mahali pa mbegu na kombe, na mishipi ya kale huuzwa kwa wageni pasipo kutajwa aliyeishona wala aliyeivaa. Auzaye hupata fedha kidogo; taifa hupoteza hati. Maana wazee hawa hawakuandika vitabu, na mshipi ndio ushahidi wa biashara yao, jirani zao na imani yao.

Kwa hiyo, msomaji kijana, ukiona kauri katika nyumba ya bibi yako, usiipite kama takataka. Mwulize kwa adabu aliipata kwa nani, na huyo aliipata wapi, kisha uyaandike majibu yake. Kauri yaweza kudumu miaka mingi sana. Anayeijua habari yake hadumu hivyo.