Fremu ya Chuma na Historia Yake

Anunuaye baiskeli kuukuu ya mbio kutoka Uingereza hununua pia kipande cha historia ya uhunzi. Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham, mtu wa ukoo wa watengeneza misumari, alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake: bomba la chuma lililo nene kwenye ncha na jembamba katikati. Fremu ikawa nyepesi bila kudhoofika penye maungio. Mwaka 1935 ikatoka 531, chuma chenye manganisi na molibdeni, kilichopendwa na waendeshaji wa mashindano kwa miongo mingi.

Mabomba hayo yaliunganishwa kwa shaba iliyoyeyushwa, chuma chenyewe kisiyeyuke. Ndiyo sababu fundi hodari aweza kulitoa bomba lililopinda kwa moto, akatia jingine.

Hata hivyo mnunuzi ajaribu kwanza kuizungusha nguzo ya kiti. Ikiwa imeganda kwa kutu, pengine haitoki kamwe. (Mimi nililipa kwanza, nikajaribu baadaye!) Rangi ya asili nayo, ijapokuwa imechujuka, heri iachwe. Wengi huikwangua ili fremu ing'ae, wakaondoa pamoja nayo jina la muundaji na chapa ya mabomba, ikabaki nambari tu iliyogongwa kwenye chuma.