Nani Humpokea Kijana Mwenye Ulemavu Anapomaliza Shule?

Mwanafunzi asiyeona anapomaliza kidato cha nne, mashine ya nukta nundu aliyoitumia kwa miaka minne hubaki shuleni. Ni mali ya shule, na wapo wadogo zake wanaoisubiri. Mwalimu aliyekuwa akimsomea ubaoni na kumnukulia majibu naye hubaki, kwa sababu ameajiriwa kuhudumia wanafunzi, na huyu si mwanafunzi tena. Kijana anapanda basi kurudi kwao akiwa amesoma, lakini hana cha kuandikia. Ukiuliza nani amekosea, hupati jibu. Mwalimu mkuu ametimiza wajibu wake, afisa elimu ametimiza wake, na baraza la mitihani litatoa cheti kwa wakati. Kila mmoja amefanya kazi yake mpaka mwisho wa mpaka wake, na kijana ameangukia katikati ya mipaka hiyo.

Hoja ya makala haya ni kwamba Tanzania Bara haijapungukiwa sheria wala ofisi za kumhudumia kijana mwenye ulemavu. Imepungukiwa ofisi moja inayobeba jukumu lake tangu miaka ya mwisho ya shule hadi atakapokuwa na kazi, au biashara, au mpangilio wa maisha unaoeleweka. Nitajaribu kuonyesha kwamba ofisi hiyo inapaswa kuwa halmashauri, na kwamba ushirikiano wa taasisi usiokuwa na mwenyewe utabaki kuwa vikao.

Tuanze na sheria. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, unaotaja elimu, utengemao na kazi kuwa haki. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba angalau asilimia tatu kati yao ni watu wenye ulemavu. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, ipo tangu 1994. Vipo vyuo vya ufundi stadi na marekebisho kwa ajili ya watu wenye ulemavu, Yombo jijini Dar es Salaam na Sabasaba mkoani Singida vikiwa miongoni mwake. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa 2023 kwa sababu ya udhaifu katika usimamizi, ikarejeshwa baadaye kwa utaratibu mpya. Mtu anayesoma orodha hii akiwa mbali anaweza kudhani njia imekamilika. Lakini shule za serikali zinasimamiwa na halmashauri chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, VETA iko chini ya Wizara ya Elimu, vyuo vya marekebisho viko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na waajiri wengi ni watu binafsi. Sheria zinazielekeza taasisi hizi zote kwa kijana mmoja. Hakuna inayozilazimisha zijuane.

Tumchukue msichana kiziwi wa Kigoma, wa kufikirika ila wa kawaida kabisa. Shule za sekondari za viziwi ni chache, kwa hiyo amesoma Njombe, bweni, kwa miaka minne. Amejifunza ushonaji na amefaulu masomo mawili matatu. Anaporudi Kigoma, afisa ustawi wa jamii wa kwao hajawahi kumwona wala kusikia habari zake, kwa kuwa maisha yake yote ya ujana yameandikwa katika madaftari ya mkoa mwingine. Anakwenda chuo cha ufundi kuomba nafasi. Fomu anaipata, ila anaulizwa atafundishwaje, maana chuoni hakuna mkalimani wa lugha ya alama. Anaelekezwa kwa afisa maendeleo ya jamii aulizie mkopo. Huko anadaiwa kitambulisho cha Taifa, barua ya mtendaji wa mtaa na andiko la biashara. Kanuni zililegezwa ili mtu mmoja mwenye ulemavu aweze kukopa bila kikundi, lakini yeye hilo halijui, na dirishani hakuna wa kumweleza kwa mikono. Kila mahali anaandamana na mdogo wake wa darasa la sita, ambaye ndiye mkalimani wake. Mtoto huyo anakosa masomo ili dada yake asikilizwe, na anajikuta akitafsiri mambo ya mkopo na dhamana ambayo hata yeye hayaelewi.

Katika safari yote hiyo hakuna ofisi iliyomfukuza. Pengine zote zilimpokea kwa upole. Kasoro ni kwamba kila moja ilianza naye upya: jina, umri, aina ya ulemavu, kiwango cha elimu, mahitaji. Yale ambayo walimu wake waliyajua kwa undani baada ya kukaa naye miaka minne, kwamba mkono wake ni mwepesi kwenye cherehani, kwamba kusoma maelezo marefu kunamchosha, kwamba anaelewa upesi akionyeshwa kwa vitendo, hayakumfuata.

Hali ni nzito zaidi kwa vijana wenye ulemavu wa akili na wenye usonji. Wengi wao husoma katika vitengo vilivyo ndani ya shule za msingi za kawaida, ambako hufundishwa stadi za kujihudumia, kusoma kidogo, bustani, kusuka na kupika. Wengi hawafanyi mtihani wa kumaliza darasa la saba, hivyo hawana cheti cha kuonyesha. Matokeo yake utamkuta kijana mwenye ndevu ameketi kwenye dawati la shule ya msingi kwa sababu mwalimu wake, kwa huruma na kwa akili timamu, anajua kwamba siku atakapomwondoa atamrudisha kwenye chumba cha uani. Walimu hao wanastahili heshima. Wanafanya kazi ya taasisi nzima bila bajeti yake.

Hapo umri nao unaleta mgongano. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa aliye chini ya miaka 18, na ulinzi mwingi wa ustawi wa jamii umejengwa juu ya hesabu hiyo. Ila watoto wengi wenye ulemavu huanza shule wamechelewa, mara kwa sababu wazazi hawakujua shule ilipo, mara kwa sababu ilikuwa mbali. Akifika miaka 18 kijana wa namna hiyo huenda ndiyo kwanza yuko kidato cha pili. Mpango wowote utakaosubiri amalize masomo ndipo uanze, utaanza wakati ulinzi wa utoto umeshakwisha.

Suala hili limejadiliwa kwa muda mrefu nchini Marekani, na uzoefu wao una mafunzo mawili, moja la kuigwa na jingine la kujihadhari nalo. Mwaka 1984 Madeleine Will, aliyeongoza ofisi ya elimu maalumu na utengemao katika serikali ya shirikisho, alitoa waraka uliozitaka shule na huduma za watu wazima zijenge njia ya kumvusha kijana hadi kwenye ajira. Mwaka uliofuata Andrew Halpern akampinga kwa hoja nzito: kazi peke yake haitoshi, kwa sababu mtu anahitaji pia makazi na watu wa kuishi nao. Mjadala huo uliingia kwenye sheria ya elimu ya watu wenye ulemavu ya 1990, na marekebisho ya 2004 yakaagiza kila mwanafunzi mwenye ulemavu awe na mpango wa mpito kufikia umri wa miaka 16. Kifungu kimoja cha sheria hiyo kinafaa kutazamwa kwa makini. Kinasema kwamba taasisi ya nje iliyoahidi huduma ndani ya mpango ikishindwa kuitoa, shule inalazimika kuita tena timu na kutafuta njia nyingine. Yaani ahadi ikivunjika, yupo mtu anayejulikana ambaye lazima aamke na kufanya jambo.

Funzo la kujihadhari liko kwenye upande wa pili wa utaratibu huohuo. Shule inaweza kuzialika taasisi za nje, lakini haina mamlaka ya kuzilazimisha zije. Mipango mingi ikajaa majina ya watu ambao hawakuhudhuria. Mpaka 2014 ndipo sheria ya ajira na mafunzo ilipoziagiza idara za utengemao za majimbo kutenga angalau asilimia 15 ya fedha zao za shirikisho kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu ambao bado wako shuleni. Baada ya hapo mtu wa idara alipokuja kwenye kikao, alikuja na fungu. Nadhani ndiyo sababu utafiti wao, tangu Paula Kohler alipoutaja ushirikiano wa taasisi kuwa mojawapo ya nguzo tano za mpito mwaka 1996, umekuwa ukirudia tena na tena kwamba nguzo hiyo ndiyo ngumu kuliko zote kusimama.

Mwaka huohuo wa 1996, hospitali ya watoto ya Cincinnati ilianzisha mpango ulioonyesha kwa vitendo jinsi jambo hili linavyowezekana. Erin Riehle, muuguzi aliyekuwa msimamizi wa idara ya dharura, alihitaji watu wa kupanga na kujaza vifaa kwenye rafu, kazi inayotaka umakini na uaminifu kuliko shahada. Mpango uliotokana na hitaji hilo, uitwao Project SEARCH, unawaweka wanafunzi wenye ulemavu ndani ya mahali pa kazi kwa mwaka mzima wa mwisho wa shule. Shule inatoa mwalimu, idara ya utengemao inalipia mkufunzi wa kazi, mwajiri anatoa nafasi na msimamizi. Fedha za taasisi tatu zinakutana katika jengo moja, juu ya kijana mmoja, kwa saa zilezile. Hospitali haikusubiri waraka wa kitaifa.

Kwetu nyingi kati ya taasisi zinazofanana na hizo tayari ziko chini ya paa moja, na hapa ndipo ninapoona nafasi kubwa ambayo bado haijatumika. Mkurugenzi mtendaji wa halmashauri ndiye msimamizi wa afisa elimu wa msingi na wa sekondari, wa mganga mkuu, wa afisa ustawi wa jamii na wa afisa maendeleo ya jamii anayeshughulikia mikopo ya asilimia 10. Hospitali ya wilaya ni yake. Stoo ya dawa, jiko, bustani, karakana na masjala ya hospitali hiyo ni mahali pa kujifunzia kazi, na yeye mwenyewe ni mwajiri anayebanwa na ile asilimia tatu. Sheria ya 2010 imeagiza ziwepo kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa hadi mkoa. Hakuna haja ya kuunda wakala mpya jijini Dodoma. Kinachohitajika ni agizo lenye nguvu ya kisheria kwamba kila mwanafunzi mwenye ulemavu, afikapo miaka 14, afunguliwe jalada la mpito ustawi wa jamii, na awe na afisa mmoja anayetajwa kwa jina ambaye ataulizwa kuhusu kijana huyo hadi miaka miwili baada ya kuondoka shuleni.

Nitapingwa kwa idadi ya maafisa. Ni kweli kwamba maafisa ustawi wa jamii ni wachache, na wanabeba kesi za ukatili, matunzo ya watoto, wazee na ndoa. Lakini vijana wanaohusika wanahesabika. Sensa ya 2022 ilionyesha kwamba asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka saba na zaidi wana ulemavu, ila wanaofikia madarasa ya mwisho katika halmashauri moja kwa mwaka mmoja ni sehemu ndogo sana ya idadi hiyo. Tena kazi hii inapunguza kazi nyingine. Kijana aliyeanza mafunzo akiwa na mkalimani aliyepangwa mapema hatarudi ofisini miaka mitano baadaye akiwa mhitaji wa msaada wa dharura.

Kuhusu wale wanaosoma mbali na kwao, kama binti wa Kigoma, jalada litangulie nyumbani kabla yake. Shule iwasiliane na halmashauri ya asili mwanafunzi anapoanza kidato cha tatu, ili likizo zake zitumike kumtambulisha kwa afisa wake na kutafuta chuo. Vifaa pia vifuate njia hiyo: fimbo nyeupe, kiti mwendo na mashine ya nukta nundu viandikwe kwa jina la mtumiaji, na shule ifidiwe. Taarifa za afya zilizomo kwenye jalada zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa hiyo kijana na mzazi wake waombwe ridhaa kwa lugha wanayoielewa.

Na kijana mwenyewe awe ndani ya chumba. Nasema hivi kwa sababu desturi yetu, hata iliyo njema, ni kumsemea. Mzazi anaeleza, mwalimu anaongezea, afisa anaandika, na mhusika ameketi hapohapo akitazama midomo ya watu. Vyama vilivyo chini ya SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, vina watu wazima waliopita njia hiihii bila mwongozo. Fundi cherehani kiziwi mwenye duka lake atamwambia binti yule, kwa nusu saa ya mazungumzo ya mikono, mambo ambayo afisa hatayajua kamwe. Mmoja wao awepo katika kila kikao cha mpango, na alipwe nauli yake.

Waziri mwenye dhamana ya watu wenye ulemavu ana mamlaka ya kutunga kanuni chini ya sheria ya 2010, na hahitaji kurudi bungeni. Atunge kanuni ya jalada la mpito, imtaje mkurugenzi wa halmashauri kuwa ndiye mwajibikaji, na ifungamanishe jalada hilo na fungu la asilimia mbili. Wakurugenzi wasisubiri kanuni hiyo: orodha ya wanafunzi wa kidato cha nne wenye ulemavu iko kwa afisa elimu wao, na kazi inaweza kuanza kabla ya mhula wa mwisho kuisha.