Mwezi Mpevu na Maneno ya Kuazima: Sikukuu za Wabuddha Afrika ya Mashariki

Hapa Sikuda, baina ya Busia na Tororo, habari ya mwezi na sikukuu si ngeni. Ramadhani inapokaribia kwisha, majirani zetu Waislamu wa pande zote mbili za mpaka hutazama angani, na hutokea wengine wakasali Idi leo na wengine kesho. Katika makala haya tunakusudia kueleza sikukuu za watu wengine wanaofuata mwezi, yaani Wabuddha. Sikuda hawana hekalu, lakini Afrika ya Mashariki wamekuwapo kwa zaidi ya karne moja. Tunaongozwa na swali la wanafunzi wetu: je, Kiswahili kina maneno ya kuzielezea sikukuu hizo?

Historia yenyewe inaanzia Dar es Salaam. Wasinhala kutoka Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, walifika huko kutafuta kazi wakati wa utawala wa Wajerumani, na wengine wakaja chini ya Waingereza. Mwaka 1915 waliunda chama chao cha Wabuddha, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1920 walikuwa na hekalu Upanga. Walipanda pia mti wa bodhi, ule ambao Buddha anaaminiwa kuwa alikaa chini yake alipopata mwangaza. Mti huo ni wa ukoo mmoja na mkuyu wetu, jambo ambalo wanafunzi wetu hulikumbuka kuliko tarehe zote. Wasinhala wengi waliondoka baada ya uhuru, lakini hekalu na mti vimebaki.

Sikukuu yao kubwa ni Vesak, ambayo kwa kawaida huangukia mwezi mpevu wa Mei. Kwa Wabuddha wa mapokeo ya Theravada, siku hiyo moja hukumbusha mambo matatu: kuzaliwa kwa Buddha, kupata mwangaza na kufariki kwake. Waumini huvaa nguo nyeupe, huwapelekea watawa chakula kabla ya adhuhuri, huweka maua na taa za mafuta mbele ya sanamu, humwagilia mti wa bodhi maji, na husikiliza aya zikisomwa kwa lugha ya Kipali. Ceylon ilipata Vesak kuwa siku ya mapumziko mwaka 1885, chini ya Waingereza, na Umoja wa Mataifa uliitambua Desemba 1999. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba Wabuddha wote wanakubaliana. Wajapani huadhimisha kuzaliwa kwa Buddha tarehe 8 Aprili, mwezi uwe mpevu au mchanga.

Mbali na Vesak, kila mwezi mpevu ni siku ya ibada, na Wasinhala huiita Poya. Kuanzia 1966 hadi 1971 serikali ya huko iliondoa hata mapumziko ya Jumapili, ikaweka siku za Poya mahali pake. Wiki zikawa hazilingani urefu, biashara na nchi za nje ikavurugika, na Jumapili ikarudishwa. Siku ya Poya muumini anaweza kushika amri nane, mojawapo ikiwa kutokula baada ya adhuhuri hadi alfajiri. Hapa ndipo mwalimu wa lugha anapokwama. Tukisema "Wabuddha hufunga", msikilizaji wa Busia ataelewa kwamba hawali mchana na kwamba jua likitua watafuturu, kumbe wao hula asubuhi, na jua likitua ndiyo kwanza hawagusi chakula. Neno ni sahihi, picha linayoleta ni ya kinyume.

Kuna pia Vassa, miezi mitatu kuanzia mwezi mpevu wa Julai, ambapo watawa hukaa mahali pamoja bila kusafiri. Jina hilo maana yake ni mvua, kwa kuwa India huo ni wakati wa mvua. Dar es Salaam miezi hiyo ni ya kipupwe na demani, masika yamekwisha na vuli bado. Mwezi husafiri na watu baharini, lakini mvua haisafiri, na watawa wa Upanga wanashika mvua ya India katika ukavu wa pwani yetu. Baada ya Vassa huja Kathina, sikukuu ya kuwapa watawa kitambaa cha vazi, ambalo kwa desturi hushonwa na kumalizwa siku hiyo hiyo.

Upande wetu wa Uganda habari ni changa zaidi. Bhante Buddharakkhita, Mganda aliyekwenda India kusoma mwaka 1990 na kupewa utawa mwaka 2002 nchini Marekani, alianzisha kituo cha Wabuddha karibu na Entebbe mwaka 2005. Amesimulia kwamba aliporudi nyumbani watu waliliona bakuli lake la sadaka wakadhani ni ngoma ya aina mpya. Vesak na Kathina sasa huadhimishwa huko, kando ya Ziwa Viktoria, na waumini wakiwamo Waganda wenyewe. Kwa maoni yetu hili ni badiliko kubwa kuliko ujenzi wa hekalu la Upanga. Wasinhala walikuja na sikukuu zao na lugha ya kuzitaja, ilhali Mganda anayeshika Poya inambidi amweleze shangazi yake anachofanya, kwa maneno ambayo shangazi anayajua.

Maneno hayo, kwa Kiswahili, yana wenyewe. "Hekalu" tumelizoea katika Biblia, "mtawa" linatukumbusha masista wa misheni, "sadaka" ni la msikitini na kanisani pia. Hata tahajia ina mitego: tukiandika "Buda", wanafunzi wa upande wa Kenya hucheka, maana kwa Sheng buda ni mzee wa nyumbani. Ndiyo sababu sisi tunaandika Buddha. Kuhusu Kathina, darasa letu liligawanyika kati ya "sikukuu ya vazi" na kuliacha jina kama lilivyo. Walioshikilia jina la asili walisema kwamba Idi nayo hatukuitafsiri. Wasomaji wenye maoni wanakaribishwa kutuandikia kabla ya toleo lijalo.