Kengele Ililia, Treni Ikapita: Historia Fupi ya Kengele za Upepo

Leo tunaandika juu ya kifaa ambacho wengi wetu tumekiona bila kukiuliza jina. Ukipita mahali wanapojenga ghorofa, tazama juu kabisa ya kreni. Utaona vikombe vitatu vidogo vinazunguka kama kititia cha mtoto. Kutoka hapo kuna waya, au mawimbi ya redio, hadi kwenye kiboksi ndani ya chumba cha opareta. Kiboksi kinaonyesha kasi ya upepo. Ikifika kiwango kilichowekwa, taa inawaka. Ikizidi, king'ora kinalia.

Ni kifaa cha kawaida kabisa. Lakini historia yake imeandikwa kwa vifo, na ndani yake kuna swali moja linalotuhusu sisi moja kwa moja: kengele ikilia, nani ana ruhusa ya kusema "simameni"?

Vikombe vya Armagh

Watu wa bahari wamesoma upepo kwa macho na ngozi tangu zamani, na hata leo mvuvi mzoefu atakuambia kabla ya mtambo. Shida ni kwamba ujuzi wa mtu mmoja hauhamishiki kwa urahisi. "Upepo mkali" wangu mimi na wako wewe si kitu kimoja. Ili watu wakubaliane, ilibidi pawe na namba.

Mwaka 1846 mnajimu wa Ireland, Thomas Romney Robinson, aliyekuwa mkuu wa kituo cha kutazama nyota cha Armagh, alitangaza kipima-upepo chenye vikombe vinne. Upepo unasukuma upande wa kikombe ulio wazi kwa nguvu kuliko mgongo wake, basi mhimili unazunguka. Hesabu mizunguko, utapata kasi. Robinson aliamini kwamba vikombe huenda kwa theluthi moja ya kasi ya upepo, viwe vikubwa au vidogo. Baadaye ikaonekana si hivyo: uwiano unategemea ukubwa wa vikombe na urefu wa mikono, na vipimo vingi vya zamani vilikuwa vimezidisha kasi. Mwaka 1926 John Patterson wa Canada akatengeneza kipimo cha vikombe vitatu, na umbo hilo ndilo tunaloliona hadi leo.

Kwa nini kasi inatisha kuliko tunavyodhani? Kwa sababu msukumo wa upepo haupandi sawasawa na kasi. Kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu kama uzito wa kilo 6 hivi. Ukifika mita 20, ni kilo 24 hivi. Ukifika 30, zinazidi 50. Sasa piga hesabu ya bati moja, halafu paa zima, halafu hema kubwa la kugawia chakula. Utaelewa kwa nini kitu kilichotulia asubuhi kinaweza kuruka mchana.

Tay, 1879: hapakuwa na kengele

Scotland, karibu na mji wa Dundee, lilijengwa daraja la reli kuvuka mdomo wa mto Tay. Lilifunguliwa mwaka 1878, urefu wake zaidi ya kilomita 3, na mhandisi wake, Thomas Bouch, akapewa heshima na Malkia Victoria. Jumapili jioni, tarehe 28 Desemba 1879, dhoruba ilikuwa inapiga. Treni ya abiria ilifika upande wa kusini. Kwa utaratibu wa wakati ule, mlinzi wa ishara alikabidhi kijiti cha ruhusa, na treni ikaingia darajani. Sehemu ya kati, ile iliyoinuliwa juu ili meli zipite, ikaanguka pamoja na treni. Hakupona hata mmoja. Wakati ule walihesabu watu takriban 75. Waliothibitishwa kwa majina ni 59.

Uchunguzi uligundua kwamba daraja lilisanifiwa vibaya, likajengwa vibaya na kutunzwa vibaya. Bouch alikiri kwamba hakuweka hesabu maalumu ya msukumo wa upepo. Baada ya hapo serikali ya Uingereza ikaweka kanuni: madaraja yahimili msukumo wa pauni 56 kwa kila futi ya mraba, sawa na kilo 270 hivi kwa mita ya mraba. Daraja kubwa la Forth, lililofunguliwa mwaka 1890, lilijengwa kwa kanuni hiyo.

Hebu tumfikirie yule mlinzi wa ishara. Alisikia dhoruba kama kila mtu. Lakini hakuwa na kipimo mkononi, hakuwa na kiwango kilichoandikwa, na hakuna aliyemwambia kwamba upepo ukifika hapa, usitoe kijiti. Angeisimamisha treni kwa sababu gani? Kwa sababu anaogopa? Mtu wa chini hasimamishi treni ya wakubwa kwa sababu anaogopa.

Leven, 1903: kengele ndani ya kibanda

Alfajiri ya tarehe 27 Februari 1903, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, treni ya barua iliyokuwa inakwenda Whitehaven ilipigwa na upepo juu ya daraja la reli la Leven, na mabehewa yake yakapinduliwa palepale. Kwa bahati hakuna aliyekufa.

Safari hii dawa ikawa tofauti. Hawakusubiri kujenga daraja jipya. Waliweka kipima-upepo darajani, wakakiunganisha kwa waya na vibanda vya ishara vya pande zote mbili. Upepo ukizidi kiwango, kengele inalia ndani ya vibanda, na treni zinazuiwa.

Tazameni vizuri walichofanya. Kengele iliwekwa mahali alipo mtu ambaye mkono wake uko kwenye ishara. Haikupelekwa kwa meneja wa mbali. Na kiwango kilikuwa kimekubaliwa kabla. Kengele ikilia, mlinzi hana haja ya kubishana na mtu wala kuomba radhi. Anafunga njia, basi.

Amarube, 1986: kengele ililia, watu wakauliza kwanza

Tuhamie Japani. Kwenye pwani ya mkoa wa Hyogo kulikuwa na daraja la chuma la Amarube, lililofunguliwa mwaka 1912, likipita juu ya kijiji kwa kimo cha mita 41. Chini yake kulikuwa na nyumba, na kiwanda kidogo cha kusindika kaa. Upepo wa bahari wakati wa baridi ni mkali pale, na reli ilikuwa na kipima-upepo chenye kengele. Kiwango kilikuwa mita 25 kwa sekunde, yaani kilomita 90 kwa saa.

Lakini kengele ile ilikuwa inalia katika chumba cha waongoza treni kule Fukuchiyama, mbali na daraja. Mchana wa tarehe 28 Desemba 1986 ililia. Waongoza treni hawakufunga njia. Walipiga simu kwanza kituo cha jirani, Kasumi, kuuliza hali, wakaambiwa hakuna tatizo. Baada ya muda kengele ikalia tena. Safari hii treni ilikuwa imeshakaribia mno kusimamishwa. Saa saba na dakika 25 mchana, upepo wa zaidi ya mita 30 kwa sekunde ukayang'oa mabehewa saba matupu na kuyatupa chini. Kichwa cha treni kilibaki juu ya daraja. Kondakta alikufa, na pamoja naye wafanyakazi watano wa kile kiwanda, watu ambao hata hawakuwa wasafiri.

Tarehe 28 Desemba, Jumapili, kama ile ya Tay, miaka 107 baadaye. Tofauti ni kwamba Tay hawakuwa na kengele, na Amarube walikuwa nayo, ikafanya kazi yake, ikalia kwa wakati. Kilichokosekana ni mtu anayejua kwamba kulia kwake ni amri tayari. Pale kengele iligeuzwa kuwa habari ya kujadiliwa.

Baadaye kiwango kilishushwa hadi mita 20 kwa sekunde, na kengele ikaunganishwa na ishara za reli ili treni izuiwe bila kusubiri uamuzi wa mtu. Hapo ikaja gharama nyingine: treni zilianza kuchelewa na kusimamishwa mara kwa mara, na wakazi wa pwani ile wakalalamika. Wana haki, maana treni ndiyo shule yao, hospitali yao na soko lao. Mwishowe likajengwa daraja jipya la zege lenye kinga ya upepo, likaanza kutumika mwaka 2010. Usalama una bei, na swali la nani atailipa halikwepeki.

Kifaa cha leo kinataka nini kwako

Vijana wenzetu wengi wanapata vibarua kwenye majengo. Wengine wanasaidia kusimamisha mahema na minara ya simu. Basi yafuatayo ni ya kujua hata kama wewe si opareta.

Kwanza, mahali. Kipimo kinawekwa sehemu ya juu, palipo wazi. Kikifichwa nyuma ya ukuta kitakudanganya, maana chini upepo ni mpole na juu ni mwingine kabisa.

Pili, kipimo cha hesabu. Kiboksi kinaweza kusoma mita kwa sekunde, kilomita kwa saa, maili au noti. Mita 20 kwa sekunde ni kilomita 72 kwa saa, tena ni noti 39 hivi. Ukisoma "20" ukadhani ni kilomita, umekwisha. Ulizeni kabla ya kuanza kazi.

Tatu, wastani na dharuba ni vitu viwili. Wataalamu wa hali ya hewa hupima wastani wa dakika 10, lakini dharuba ya sekunde 3 inatosha kuangusha kitu. Jueni kengele yenu inafuata kipi.

Nne, viwango viwili. Kreni za mnara nchini Ufaransa, kwa mfano, hupewa onyo kwenye kilomita 50 kwa saa na kusimama kwenye 72. Kreni nyingine zina viwango vya chini zaidi. Kitabu cha mtengenezaji ndicho kinachosema. Onyo likija, mzigo unashushwa. King'ora kikilia, kazi imekwisha, na mkono wa kreni ya mnara unafunguliwa ugeuke na upepo, usishindane nao.

Tano, angalieni mzigo wenyewe. Tarehe 14 Julai 1999, kule Milwaukee, Marekani, kreni kubwa ilianguka ikiinua kipande cha paa la uwanja wa michezo, wafanyakazi watatu wakafa. Ilionekana kwamba upepo unaosukuma kreni ulihesabiwa, lakini upepo unaosukuma lile paa lililoning'inia haukuhesabiwa. Kitu kipana ni tanga, hata kiwe cha chuma.

Sita, kila asubuhi zungusha vikombe, jaribu king'ora, angalia betri. Na usizime sauti kwa sababu inakera.

Sisi tunaiweka wapi kengele yetu?

Kwenye makazi yetu wengi hatuna kipima-upepo. Tuna meseji za simu, megafoni, vikundi vya WhatsApp, na wazee wanaotazama mawingu. Hizo nazo ni kengele. Lakini zinamfikia nani? Siku ya mgao, watu mamia wamepanga mstari chini ya hema kubwa, upepo unaanza kuvuta kamba. Kijana wa kujitolea anaona kigingi kinalegea. Je, anaweza kusema "tutoke" na watu wakatoka? Au atampigia msimamizi, msimamizi ampigie ofisi ya mjini, na ofisi iulize "hali ikoje huko?" Hiyo ni Amarube tupu.

Tunaelewa kwa nini watu wanauliza kwanza. Mgao ukisimama, kuna mama atarudi na mtoto mikono mitupu. Kazi ya ujenzi ikisimama, kibarua hapati pesa ya siku, kwa hiyo akiona vikombe vinazunguka kasi ananyamaza. Ndiyo maana ruhusa ya kusimamisha haitoshi peke yake. Lazima iambatane na ahadi: aliyesimamisha hatagombezwa hata upepo ukitulia, mgao utaendelea kesho na mtu hatapoteza zamu yake, na kibarua atalipwa saa alizofanya.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, ombi letu ni dogo. Kabla ya msimu wa mvua unaokuja, kaeni na wawakilishi wa kila eneo, mkubaliane dalili tatu au nne zinazotosha kufunga shughuli. Ziandikeni kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zinazosemwa hapo, kwenye karatasi moja. Chini yake andikeni jina la mtu atakayekuwepo palepale mwenye ruhusa ya kufunga bila kupiga simu, na jina la mwenzake siku akikosekana.

Na sisi vijana, tuulize jina hilo. Tukikuta hakuna anayelijua, tusisubiri upepo utujibu. Tuandikieni huko mliko: kwenu nani anaweza kusema "simameni", na mara ya mwisho alisema lini?