Kadi ya Mtoto

Msomaji, mwombe mama yako akufungulie sanduku lake. Huenda ukaona humo, karibu na hati ya shamba, kadi kuukuu yenye jina lako, tarehe za chanjo zako, na mstari wa kalamu unaopanda mwezi kwa mwezi. Usiicheke. Kadi za namna hiyo zina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya kijiji cha Imesi-Ile, katika nchi ya Wayoruba, Nigeria.

Mwaka 1956 daktari Mwingereza, David Morley, alifika katika hospitali ya misheni mjini Ilesha. Watoto walioletwa kwake walikuwa wamekwisha kudhoofishwa na surua, kuhara, malaria na utapiamlo, na wengi walifika wakati dawa haifai tena. Hospitali ilijenga ukuta, hali ufa ulianzia nyumbani. Tena, desturi ya siku zile ilikuwa kumtibu mtoto mgonjwa mahali pamoja, na kumpima mtoto mzima mahali pengine, siku nyingine. Mwanamke aliyetembea maili kadhaa na mtoto mgongoni, mwenye shamba linalomngoja, angerudi mara ngapi?

Basi huko Imesi-Ile ikafunguliwa kliniki ya watoto wasiotimiza miaka mitano. Mtoto alipokelewa, awe mgonjwa au mzima. Muuguzi alimpima uzito, akamtibu, akamchanja, na kuzungumza na mama juu ya chakula, yote katika safari moja. Daktari hakuhitajiwa ila kwa wachache.

Kadi ya uzito ilitiwa katika mfuko wa plastiki, akapewa mama aiweke. Wako waliosema kwamba asiyejua kusoma ataipoteza. Akina mama waliitunza vema. Nao uzito husema mapema: mtoto asipoongezeka kwa miezi miwili au mitatu, mstari hulala, hata kama jirani angali akimsifu kwa unene. Hapo muuguzi huuliza: Ameachishwa ziwa? Anapewa uji mwepesi mtupu?

Kadi hiyo ikaenea katika nchi nyingi. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata na kukubaliana kwamba chanjo, lishe na afya ya mama na mtoto ni sehemu ya matibabu ya msingi. Na mwaka 1980 Kenya ilianzisha mpango wake wa taifa wa chanjo.

Lakini kadi haijichori yenyewe. Nilipompeleka mwanangu kliniki, muuguzi aliandika kilo katika daftari lake, akaiacha michoro ya kijitabu changu ikiwa mitupu tangu miezi mitatu. Nilimwomba aijaze. Akaitazama foleni iliyofika hadi langoni, akashusha pumzi, kisha akachukua kalamu. Akatia nukta tatu, akaziunga. Mstari ulikuwa umelala. Akainua uso, akaniuliza kwa sauti ya chini:

“Mwalimu, mtoto huyu anakula nini siku hizi?”