Vifo vya wahamiaji katika Njia ya Kusini

Njia ya Kusini ni jina la jumla la barabara, vivuko na njia za panya zinazowafikisha wahamiaji Afrika Kusini kutoka Pembe ya Afrika. Wengi wao ni vijana wa Kiethiopia, hasa wa maeneo ya Hosaena na Kembata, wanaopita Moyale, Kenya, Tanzania, kisha Malawi na Msumbiji au Zambia na Zimbabwe. Ni tofauti na Sahara au Bahari ya Mediterania, ambako jangwa na mawimbi huua. Hapa sehemu kubwa ya safari ni lami, na mabasi ya abiria hupita kila siku. Kwa hiyo namna watu walivyokufa katika njia hii inafundisha kuliko hata idadi yao.

Juni 2012 miili ya Waethiopia zaidi ya 40 ilikutwa imetupwa porini mkoani Dodoma. Walikuwa wamefungiwa ndani ya lori wakakosa hewa. Mwezi huohuo wengine zaidi ya 40 walizama Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, karibu na Karonga. Machi 2020, huko Moatize mkoani Tete, Msumbiji, kontena lililobebwa na lori kutoka Malawi lilifunguliwa: kati ya watu 78 waliokuwamo, 64 walikuwa maiti. Oktoba 2022 kaburi la halaiki lilifukuliwa msituni wilayani Mzimba, Malawi, na Desemba miili 27 ikaokotwa Ngwerere, nje kidogo ya Lusaka.

Kontena halina dirisha kwa sababu limeundwa kubeba mizigo. Mtu huingizwa humo ili askari wa kizuizi cha barabarani asimwone, na kila kizuizi kinachoongezwa humpa msafirishaji sababu ya kufunga mlango kwa nguvu zaidi. Anayesafiri kwa basi katika barabara ileile, akiwa na pasipoti iliyogongwa muhuri, hafi kwa kukosa hewa. Kinachowatenganisha wawili hao ni kufichwa, na kufichwa kunatokana na sheria. Hata lile neno tulilolizoea magazetini, “wahamiaji haramu”, linasaidia kuficha jambo hili, kwa kuwa linahamisha uharamu kutoka kwenye tendo na kuubandika kwa mtu.

Watu husema wauaji ni madalali. Ni kweli, na wanastahili kifungo kirefu. Lakini dalali anauza bidhaa moja tu, yaani mlango ambao ofisi ya viza haikuufungua. Akikamatwa huyu, mwingine hushika nafasi yake, mara nyingi kwa bei kubwa na kwa njia ndefu zaidi. Husemwa pia kwamba dola ina haki ya kulinda mipaka yake. Haki hiyo haipingwi hapa. Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2000 dhidi ya usafirishaji haramu wa wahamiaji, ambayo Kenya na Tanzania zimejiunga nayo, inasema mhamiaji asishtakiwe kwa sababu tu ya kusafirishwa, ingawa inaziachia nchi sheria zao nyingine. Katika mwanya huo kosa la kuingia bila kibali hurejea, na aliyenusurika hujikuta gerezani.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kulegeza adhabu kutawavuta wengi. Basi gereza lingekuwa limewazuia. Januari 2021, Rais Sahle-Work Zewde wa Ethiopia alipoitembelea Tanzania, Rais Magufuli alitangaza kuwaachia Waethiopia zaidi ya 1,700 waliokuwa wamefungwa. Vifo vya Dodoma vilikuwa vimetangazwa kotekote zaidi ya miaka minane kabla, vya Moatize miezi kumi tu kabla, na bado magereza yalikuwa na watu kiasi hicho. Mtu ambaye familia yake imeuza ng’ombe na kukopa ili asafiri hapimi miezi ya kifungo, anapima deni.

Adhabu hizo zinamfikia dereva pia, na hapo ndipo zinapoua waziwazi. Akisikia ngumi zikigonga ukuta wa kontena, kusimama na kufungua ni kukiri kosa, na kuita polisi ni kujipeleka mahakamani. Sheria ingeweza kumpunguzia adhabu anayefungua mlango watu wakiwa bado hai. Kama haifanyi hivyo, anayo sababu ya kuendelea kukanyaga mafuta hadi zile ngumi zinyamaze, kisha atafute pori usiku.