Jina la Mkongomani katika orodha ya marejeo ya sayansi

KINDU. Mtu akiulizwa jina lake kwenye ofisi ya komine, iwe Kasuku, Mikelenge au Alunguli, anajibu kwa vipande vitatu: jina, postnomu na prenomu. Familia zilizokimbia vita zinalijua jambo hili kuliko wengine, maana zimesimama mbele ya orodha nyingi. Karani mmoja anaanza na prenomu, mwingine anaanza na jina, wa tatu anaacha postnomu kwa sababu nafasi kwenye karatasi ni ndogo. Siku ya kuita watu, mama anasikia jina linalofanana na lake lakini si lake, na kadi yake haipatani na orodha. Hapa Maniema kuna ugumu zaidi: Ramazani, Saidi au Assumani ni jina kwa huyu na postnomu kwa yule, na mgeni hawezi kujua.

Ugumu huohuo umewafuata wasomi wa Kongo hadi ndani ya majarida ya sayansi. Mwisho wa kila makala ya sayansi kuna marejeo, yaani orodha ya kazi ambazo mwandishi amezitegemea: nani aliandika, kichwa gani, jarida lipi, mwaka na ukurasa. Wanafunzi wa hapa Kindu wanaoandika kazi ya kumaliza masomo wanaijua shughuli hiyo, na wengi wanaiona kama adhabu ya nukta na mikato. Lakini orodha hiyo ndiyo njia ya kumrudia mtu aliyefanya kazi. Jina likiandikwa namna mbili, kompyuta inahesabu watu wawili, na kila mmoja anaonekana amefanya nusu tu.

Historia yake inapitia mwaka 1972. Mobutu alikuwa amekwisha kuibadilisha Kongo kuwa Zaire mnamo Oktoba 1971. Januari iliyofuata alilitupa jina lake la Joseph-Désiré, akawa Mobutu Sese Seko, na raia wote wakatakiwa kuacha majina ya kizungu. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, na mapadri walitishiwa kifungo kama wangebatiza mtoto kwa jina la kigeni. Badala ya prenomu, watu wakaongeza jina la babu au la ukoo nyuma ya jina lao. Ndipo postnomu ilipopata nafasi yake, na mpaka leo haijaondoka.

Kwa fundi au mkulima, mabadiliko yale yalikuwa jambo la kadi. Kwa mtu aliyekwisha kuchapisha vitabu, yalikuwa hatari ya kupotea. Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi mwaka 1941, alipata akili nzuri: akawa Vumbi Yoka Mudimbe. Herufi V na Y zikabaki palepale, na katika orodha za vitabu duniani kote, kazi zake za kabla ya 1972 na za baadaye zinakaa pamoja chini ya Mudimbe, V. Y. Hata kitabu chake kilichojulikana kuliko vyote, The Invention of Africa cha mwaka 1988, kina herufi hizo mbili tu mbele ya jina. Agizo la serikali lilitimizwa, na marejeo hayakuguswa.

Si kila mtu aliweza kufanya hivyo. Na miaka sita baadaye, mbali sana na Zaire, wahariri wachache wa majarida ya tiba walikutana katika mji wa Vancouver, Kanada, mnamo Januari 1978. Walitaka daktari asilazimike kupiga mashine upya mswada wake wote kila anapoupeleka kwenye jarida jingine. Masharti yao yalitoka mwaka 1979, na yanatumika hadi leo: jina la ukoo kwanza, kisha herufi za mwanzo za majina mengine, bila nukta. Walifikiria mtu mwenye jina moja la ukoo na prenomu moja au mbili. Mzaire mwenye jina na postnomu hakuwa akilini mwao.

Mfano ulio wazi kabisa ni Profesa Jean-Jacques Muyembe Tamfum, mtaalamu wa Ebola. Mwaka 1995, ugonjwa ulipoishambulia Kikwit, barua yake katika jarida la Lancet ilitoka kwa jina Muyembe T. Ile T ni Tamfum, Jean-Jacques hayumo. Katika makala nyingine ni Muyembe JJ, na postnomu imepotea. Kwingine ni Muyembe-Tamfum JJ. Mwanafunzi anayetafuta kazi zake kwa umbo moja tu atakosa nyingine nyingi.

Na huyo ni mtu ambaye mwanzoni hakuwekwa kabisa. Mwaka 1976 Muyembe alitumwa Yambuku kuangalia ugonjwa usiojulikana. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, kisha akamleta Kinshasa mtawa mmoja aliyekuwa na homa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji. Mwaka 1977 Lancet ilichapisha makala tatu za kutangaza kirusi kipya, moja kutoka Ubelgiji, moja Uingereza, moja Marekani. Kati ya waandishi wote hakuna Mkongomani hata mmoja. Ripoti kubwa ya mwaka 1978, iliyohesabu wagonjwa 318 na vifo 280, ilitajwa kuwa ya tume ya kimataifa, bila jina la mtu. Mpangilio mzuri wa marejeo hauwezi kumrudisha mtu ambaye jina lake halikuwekwa juu ya makala.

Kuna mlango mwingine wa kupotelea, nao ni mdogo: maneno "na wenzake". Mfano wake uko karibu nasi. Mwaka 2007 watafiti walimwona Opala, katika nyumba ya mkurugenzi wa shule ya msingi, nyani mdogo ambaye wenyeji walimwita lesula. Msitu wake uko upande wa mto Lomami, ambako mwaka 2016 iliundwa Hifadhi ya Taifa ya Lomami, sehemu Maniema na sehemu Tshopo. Makala ya kumtambulisha mnyama huyo kwa sayansi ilitoka mwaka 2012 katika jarida la PLoS ONE, ikiwa na waandishi kumi. Maurice Emetshu, Mkongomani, ni wa sita. Jarida linalotaja mwandishi wa kwanza na mwaka litaandika "Hart na wenzake, 2012", na Emetshu haonekani. Masharti ya Vancouver ya sasa yanaruhusu majina sita kabla ya "na wenzake". Hapo anaonekana, wa mwisho kabisa mlangoni.

Dawa mbili zimepatikana. Ya kwanza ni kistari: Muyembe-Tamfum kikiunganishwa hivyo, mashine haithubutu kukikata. Ya pili ni namba ya ORCID, yenye tarakimu 16, inayotolewa bure tangu Oktoba 2012. Mtu akibadili jina, namba haibadiliki. Anayejiandaa kuchapisha makala yake ya kwanza afadhali achague umbo moja la jina kabla ya kuituma, maana kusahihisha baadaye ni kazi ya miaka.

Mwaka 2019 New England Journal of Medicine ilichapisha majaribio ya dawa nne za Ebola yaliyofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina kwa wagonjwa 681. Moja ya dawa mbili zilizofanya vizuri ilitokana na damu ya mtu aliyepona Kikwit mwaka 1995. Mwandishi wa kwanza ni Mkongomani, Sabue Mulangu, na wa nne ni Tshiani Mbaya, jina na postnomu pamoja bila kukatwa. Muyembe-Tamfum yuko mwisho, mahali ambapo wanasayansi humweka mkubwa wa kazi. Kwa masharti ya majina sita, wanaotaja makala hiyo humwandika Mulangu mbele, na mzee anaingia katika "na wenzake".